Bosi, Toa Mdomo Humo

Mama mwenye nyumba wetu ni Mchaga, na Mchaga ikishafika Desemba humzuii hata kwa kreni. Katikati ya mwezi alikuwa tayari kituo cha mabasi Mbezi, maboksi saba na mwamvuli, safari ya Moshi. Wapangaji nao wakatawanyika mmoja mmoja, kila mtu kwao. Uani pale Goba tukabaki watatu: mimi, ambaye nauli ya kwenda na kurudi Songea ni kodi ya mwezi mzima, mzee wa chumba cha tatu, mzaliwa wa kisiwa cha Mafia, ambaye ukimuuliza sikukuu anakwenda wapi anakujibu "barazani", na Bosi.

Bosi ni mbwa. Jina hilo naomba mlishike, maana ndilo lililoniponza. Nusu yake ni German Shepherd, na hiyo ndiyo nusu aliyolipiwa hela nyingi. Nusu ya pili ni ya hapa hapa Goba, iliingia bila kualikwa. Sikio moja limesimama wima, la pili bado linajadiliana.

Kabla ya kupanda bajaji mama aliniita pembeni.

"Mwanangu, nakuachia vitu viwili tu. Bosi na friza. Bosi ale asubuhi na jioni. Friza usiizime hata dakika moja."

Friza ile inakaa barazani, na ndiyo benki ya mama. Humo mna barafu za ubuyu, za ukwaju na za maziwa, zimegandishwa kwenye vikopo vidogo, kila kimoja shilingi 200. Watoto wa mtaa wanaujua utaratibu: unafungua, unachukua chako, hela unatumbukiza kwenye kopo la maziwa ya unga lililo juu ya friza, unafunika. Hakuna muuzaji. Mama anasema mtoto wa hapa akimwibia atamjua tu, kwa kuwa barafu ya ubuyu huacha ulimi mwekundu siku nzima.

"Zimo 114," akaniambia huku bajaji inaondoka. "Nimezihesabu."

Siku ya kwanza bila mama, Bosi alilala getini akiangalia njia. Roho iliniuma. Siku ya pili alikula kandambili yangu ya kulia. Siku ya tatu akala bomba la kumwagilia maua, nusu ya ufagio, na kisigino cha kiatu changu cheusi, kile cha shughuli. Siku ya nne alianza kubishana na bodaboda. Kila pikipiki iliyopita njiani ilipata hotuba yake tangu inatokea kwenye kona mpaka inapotelea bondeni, na pale kwetu zinapita pikipiki kama nzi.

Siku hiyo hiyo ya nne ndiyo nikapata barua pepe. Shirika moja ambalo sitalitaja, ofisi zake Nairobi, lilikuwa linanialika kwenye usaili wa nafasi ya afisa mawasiliano. Jumanne, saa nne asubuhi, dakika 45, kwa njia ya Zoom. Mwishoni wakaongeza: tafadhali uwe mahali penye utulivu.

Nikanyanyua macho. Bosi alikuwa amesimama juu ya karo la kufulia, anamfokea muuza mayai.

Usiku ule nilichoma bando lote nikitafuta namna ya kumnyamazisha mbwa kwa dakika 45 bila kumfanyia ubaya. Na kwa kweli nilijifunza. Kumbe mbwa wa aina ile akikosa kazi hujitafutia, na kazi anazojitafutia hutazipenda. Kinachotakiwa ni umpe chakula chake kwa namna ya kumsumbua akili. Hukiweki kwenye sahani akafagia kwa sekunde kumi akaanza kutafuta viatu. Unakificha ndani ya kitu, akilambe, akichokoe, akifikirie. Kulamba kunamtuliza, na kufikiri kunamchosha kuliko kukimbia.

Nikakutana na habari ya bwana mmoja wa Colorado, Marekani, anaitwa Joe Markham. Miaka ya sabini huko alikuwa na mbwa wake, Fritz, German Shepherd kama ile nusu ya Bosi. Fritz ugonjwa wake ulikuwa kutafuna mawe, meno yakawa yanakwisha. Siku moja Joe anatengeneza gari lake la Volkswagen, na kila kipuri anachokifungua anamrushia Fritz ili aachane na mawe. Vingine Fritz hakuvijali. Kilichomkolea ni raba moja ya kwenye mambo ya springi, ikawa haitoki mdomoni. Joe akaitazama, akapata wazo, na mwaka 1976 akaanzisha biashara ya vichezeo vya mpira vya umbo lile, kama mipira mitatu iliyopandana, vina tundu katikati la kujazia chakula. Leo viko dunia nzima.

Hata Dar vipo. Niliuliza bei kwenye duka moja la vitu vya wanyama upande wa Masaki. Hela ile, naamini Bosi mwenyewe angeshauriwa angeomba apewe mkononi.

Lakini akili ya mtu asiye na hela haitulii. Nikajiambia: kama chanzo chake ni raba ya gari, basi hata Goba magari yapo. Asubuhi nikaibukia gereji ya chini ya mwarobaini.

"Fundi, naomba bushi moja ya zamani. Kubwa kubwa hivi."

"Ya gari gani, kaka?"

"Ya mbwa."

Fundi akafikiri kidogo, akajifuta mikono. "Hiyo toleo la mwaka gani?"

Nilipomweleza, alicheka mpaka akakaa kwenye tairi, akawaita na wenzake nikaeleza upya. Kisha akanionesha rundo la bushi. Zote zilikuwa zimelowa grisi na mafuta machafu; hata mtu anayemchukia Bosi, yule muuza mayai kwa mfano, asingempa. Nilikuwa nageuka kuondoka fundi akaniambia kwa huruma, "Kaka, si utafute tu kitu kigumu chenye shimo? Hata nazi."

Nazi! Nilitamani nimkumbatie, ila ovaroli lake halikuruhusu.

Nikanunua nazi gengeni, kubwa kuliko zote, nikarudi nayo gereji. Kwanza nikatoboa lile jicho laini nikamwaga maji. Kama hujawahi kuvunja nazi: ina macho matatu, mawili magumu kama roho ya mwenye duka, moja laini linatoboka hata kwa msumari. Fundi akaikata kichwa upande wa pili kwa msumeno wa chuma, tundu likabaki la kutosha kuingiza ngumi. Hela hakutaka. Alisema amelipwa kwa kicheko.

Sasa ikaja kazi ya upishi, na hapa nilijitahidi jamani, nisionekane mzembe wa kila kitu. Niliyashika yote yasiyotakiwa. Kitunguu maji hapana, kitunguu saumu hapana, vyote ni sumu kwa mbwa. Chokoleti hapana, zabibu hapana. Mifupa iliyopikwa hapana, inapasuka vipande vyenye ncha. Siagi ya karanga ruhusa, ila usome kopo kwanza, maana kuna za nje zinazotiwa utamu unaoitwa zailitoli, na huo unaweza kumuua mbwa. Yangu ilisagwa na mama mmoja wa sokoni mbele ya macho yangu, karanga tupu, hata chumvi hamna.

Nikachemsha viazi vitamu nikaviponda. Nikaloweka dagaa wa Kigoma mpaka chumvi ikatoka, nikawakausha, nusu nikawasaga, nusu nikawaacha wazima kwa ajili ya kumshtukiza. Nikachanganya na siagi ya karanga, nikashindilia ndani ya nazi kwa mwiko mpaka pakajaa. Lile jicho nililotoboa nikaliziba kwa tonge la karanga, mchanganyiko usije ukavuja. Likumbukeni na jicho hilo.

Mchanganyiko ukabaki mwingi. Kutupa chakula mama zangu hawakunifundisha. Nikachukua vikopo vitupu vya mama mwenye nyumba, nikajaza vinane, akiba ya Bosi ya wiki nzima. Vyote pamoja na nazi nikaviweka kwenye friza vigande. Nilikuwa nimesoma kwamba kikigandishwa kinamchukua mbwa muda mrefu mara dufu.

Nilikuwa nimesoma na mambo mengine, chini ya pale, yenye maandishi mekundu. Hayo niliyapitia haraka haraka kwa sababu bando lilikuwa linakata roho.

Jumanne saa nne kasoro dakika kumi nilikuwa mezani. Shati limenyooka, tai ya kuazima, kompyuta juu ya vitabu vitatu ili kamera inione usoni, dirisha la uani nyuma yangu. Nilimpa Bosi nazi yake barazani. Aliinusa, akanitazama kwa macho ambayo sijawahi kutazamwa nayo hata na mchumba, akalala chini, akaibana kati ya miguu ya mbele, kazi ikaanza. Nikafunga mlango.

Kwenye kioo wakatokea watatu. Mwenyekiti, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba shingoni, ana sauti ya upole ya Nairobi. Kaka mmoja wa kuandika kila kitu. Na dada wa utumishi, mwenye tabasamu la kuazimwa.

Dakika kumi za kwanza zilikuwa asali. Nje, kimya. Bodaboda ilipita, kimya. Muuza mayai alipita, akasita kwa mshangao, akapita tena kuhakikisha, kimya. Mimi ndani naeleza uzoefu wangu kwa Kiswahili sanifu na mikono juu ya meza. Nilikuwa nimeshaanza kupangilia mshahara.

Ko, ko, ko.

"Una mgeni?" akauliza mwenyekiti.

"Hapana, mama."

Ko, ko, ko. Ko.

"Si umfungulie tu? Hatuna haraka."

"Ni upepo, mama."

Yule kaka akainua kichwa kutoka kwenye karatasi zake. "Upepo unabisha hodi?"

Nikacheka kile kicheko cha mtu anayedaiwa. Hodi zikakoma mlangoni, zikahamia ukutani, zikaenda mpaka kwenye bati la choo, zikarudi. Halafu ikaongezeka sauti nyingine, nyembamba, ndefu, kama birika linalokaribia kuchemka. Fyuuu. Fyuuu. Dada wa utumishi akavua spika za masikioni, akazifuta, akazirudisha.

"Tuendelee," akasema mwenyekiti. "Hebu tueleze. Katika kazi mtu hukutana na bosi mgumu. Bosi anakosea, tena mbele ya watu. Wewe unamkabili vipi?"

Swali hilo nililifanyia mazoezi mbele ya kioo. Nikakaa vizuri.

"Ahsante kwa swali zuri. Mimi kwanza namheshimu. Simwoneshi hasira mbele ya watu. Nasubiri tuwe wawili, naongea naye taratibu, kwa lugha ya staha..."

Nyuma yangu ndoo tatu za maji zikaanguka kwa mpigo. Nikageuka. Dirishani ametokea kiumbe mwenye mwili wa mbwa na uso wa nazi. Macho mawili yametoka juu ya kifuu, yamejaa kilio, sikio moja limesimama na la pili limeshafikia uamuzi.

"Bosi!" nikapiga ukelele. "Bosi, toa mdomo humo! Bosi, nitakupiga! We Bosi mjinga wewe!"

Kisha nikakumbuka niko wapi. Nikaurudisha uso kwenye kamera polepole.

Wote watatu walikuwa wameganda, nikadhani mtandao umekatika. Haukukatika.

"Ni mbwa," nikasema.

"Unamwita bosi wako mbwa?" akauliza yule kaka, kalamu iko tayari.

"Hapana. Mbwa ndiye Bosi."

Hiyo aliiandika. Nilimwona kabisa akiiandika.

Nikaomba dakika moja, nikatoka mbio, mlango nikauacha wazi, kompyuta inatazama uani kama televisheni ya kijiweni. Wakati ule sikuwaza hilo. Niliwaza kuwa nazi imezama mpaka karibu na macho, na mbwa wa watu akikosa hewa nitamweleza nini mama. Ile fyuuu ndiyo iliyonirudishia roho. Bosi alikuwa amelilamba lile tonge la karanga kutoka ndani mpaka likaisha, jicho la nazi likafunguka, na pumzi yake ikawa inatokea pale. Alikuwa anapiga filimbi kwa kuhema.

Nikajaribu kuvuta. Nikivuta nazi, Bosi anakuja nayo. Nikimvuta Bosi, nazi inakuja naye. Tulizunguka mwembe mara mbili namna hiyo, mimi na tai yangu. Nikakumbuka mafuta ya kupikia, nikaleta chupa, nikammwagia puani. Matokeo yake Bosi akawa anateleza, mimi nateleza, sakafu inateleza, na nazi iko palepale haina habari.

Ndipo mzee wa chumba cha tatu akatoka, kikombe cha kahawa mkononi. Akatuangalia kwa muda.

"Shikamoo, babu," nikasema kutoka chini nilikokuwa.

"Marahaba. Nazi ya wapi hiyo?"

"Babu, naomba msaada!"

"Ya Mafia isingekwama," akasema, akaweka kikombe chini taratibu. "Ya Mafia inajua adabu. Sasa sikiliza, mjukuu wangu. Mimi mate ya mbwa sigusi, unajua. Wewe shughulika na mbwa. Mimi nitashughulika na nazi."

Akaingia ndani akarudi na panga. Bosi alipoliona alijaribu kuhama Goba. Nikamkumbatia kwa miguu na mikono, nikamlaza kichwa kwenye goti, uso wangu umezama kwenye shingo yake inayonuka dagaa.

"Tulia, bwana mkubwa," mzee akamwambia Bosi, kwa sauti ya chini, kama anamwimbia mtoto. "Nazi haivunjwi kwa nguvu. Watu wa bara ndio wanaipiga kama nyoka. Nazi unaibisha hodi tu."

Akaligeuza panga, akatumia mgongo wake. Ko. Akanipa ishara nimzungushe Bosi kidogo. Ko. Nikazungusha. Ko. Alikuwa anafuata mstari wa katikati, kiunoni mwa nazi, kila pigo jirani ya lililotangulia. Pigo la sita, hakuna kitu. La saba nikasikia ufa mwembamba unakimbia, na nazi ikafunguka pande mbili.

Nilitegemea Bosi akimbie, au alie, au anilambe kwa shukurani. Alipiga chafya moja, akaokota nusu iliyokuwa na dagaa wengi, akaenda nayo chini ya mwembe kuendelea alipoishia.

Mimi nikabaki nimelala pale, nahema. Sauti ikatoka ndani kwangu: "Hallo? Huko kuko salama?"

Kabla sijasimama mzee alishafika mlangoni. Akachungulia, akaona kioo kina watu, akasogea.

"Shikamoo, mzee," wakasema watatu kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu. Nyinyi ndio mnaomtaka huyu?"

"Ndiyo, mzee. Tunamsaili."

"Ni kijana mzuri," akasema mzee. "Kodi analipa, kelele hana. Ila nazi msimpe."

Nilirudi mezani tai iko mgongoni, mafuta yananitiririka kwenye nyusi, na dagaa mmoja mzima, sikumjua wakati huo, amekaa juu ya sikio kama kalamu ya fundi seremala. Usaili ulikuwa umebakiza dakika kumi na mbili. Hawakuniuliza tena habari za mawasiliano. Mwenyekiti alivaa miwani, akasogea karibu na kamera, akasema, "Niambie. Uliweka nini ndani?"

Nikamtajia. Kumbe naye Nairobi anaye wake, ameshamlia makochi mawili. Akanifundisha pale pale, kwa upole ule ule, yale maandishi mekundu niliyoyaruka. Kwamba mara ya kwanza hugandishi. Unaanza na laini anayoimaliza upesi, ajue mchezo, ndipo unapandisha ugumu siku baada ya siku. Kwamba mara ya kwanza humwachi peke yake. Unakaa naye umwone. Kwamba tundu la kuingilia lisilingane na mdomo wake: ama dogo mno asiingie, ama pana aingie na kutoka. Na kwamba lazima pawe na tundu la pili la kupitisha hewa, kwani akilamba kwenye kitu kisicho na pa kupumulia huvuta kama mrija, ulimi au mdomo unanasa.

"Kwa hiyo lile jicho la nazi uliliacha kwa makusudi?" akauliza.

Nafasi ya kudanganya ilikuwa imefunguliwa milango yote miwili. Lakini yule kaka alikuwa ameshika kalamu.

"Niliziba," nikasema. "Bosi ndiye aliyefungua."

"Bosi ana akili," akasema mwenyekiti, wakaaga.

Nilipofunga kompyuta mzee alikuwa ananisubiri barazani na panga lake, ndoo ya maji na konzi ya udongo. Panga lilifuliwa mara saba, moja kwa udongo, mimi nafua, yeye anahesabu. La nne alilikataa, akasema nilifanya haraka.

Nikaenda kwenye friza kumtolea Bosi kikopo kimoja cha akiba, cha kumpa pole. Nikafunua. Ubuyu zipo. Ukwaju zipo. Maziwa zipo. Vikopo vyangu vinane havipo hata kimoja.

Nikasimama na kile kifuniko mkononi. Shule zilikuwa zimefungwa. Watoto walikuwa mtaani tangu asubuhi. Nikatikisa kopo la maziwa ya unga, likalia vizito.

"Anko," ikasema sauti ya chini kwenye kiuno changu. Mtoto wa nyumba ya pili, mkono umenyooshwa, ndani yake sarafu ya mia mbili inang'aa kwa jasho. "Ile ya kahawia imebaki?"

"Ipi ya kahawia?"

"Ile mpya. Yenye samaki."

Nikachuchumaa. "Mlikula?"

"Tulikula. Tamu. Ila mdogo wangu alilia."

"Kwa nini? Tumbo?"

"Hapana. Yake ilikuwa inamwangalia."

Siku mbili nilizunguka mtaani nikiwachunguza watoto wa watu kama bwana afya. Hakuna aliyeharisha, hakuna aliyebweka. Chakula chenyewe kilikuwa viazi, karanga na dagaa. Wapo watu wazima ambao Desemba ile hawakula vizuri hivyo. Nikanyamaza.

Januari jibu likaja kutoka Nairobi. Nafasi amepewa mtu mwingine, wananitakia kila la heri. Chini ya sahihi ya mwenyekiti kulikuwa na mstari mmoja wa ziada: "Msalimie Bosi, na mzee." Niliwasomea wote wawili. Mzee alifurahi. Bosi alikuwa na shughuli: sasa ana kipande cha bomba pana la plastiki nililokatiwa na yule yule fundi, wazi pande zote mbili, halijagandishwa, na mimi nimekaa pembeni kwenye kigoda namwangalia kama mlinzi wa benki.

Mama akarudi na mikungu mitatu ya ndizi. Hakukaa chini. Alimpapasa Bosi, akamkagua masikio, akaenda moja kwa moja kwenye friza, akahesabu barafu, akamwaga kopo juu ya mkeka, akahesabu hela. Akahesabu tena. Akanyanyua uso.

"Mwanangu, hela imezidi. Elfu moja na mia sita."

"Eti?"

"Hela ikipungua, sababu zake nazijua, na wenye sababu nawajua. Hii imezidi. Kwenye friza yangu kuliuzwa nini?"

Nikatafuta mate mdomoni nikayakosa. Nikamtazama mzee, mzee akageukia kahawa yake. Geti likalia, akaingia yule mtoto wa nyumba ya pili, na nyuma yake wadogo wanne, kila mmoja ameshika cha kwake mkononi.

"Shikamoo, mama. Ile yenye samaki mmeleta tena?"

Mama akaitazama friza. Akanitazama mimi. Akamtazama Bosi, ambaye kwa kusikia neno samaki alikuwa ameshasimama, mkia unapiga ndoo. Kisha akamwinamia yule mtoto, sauti imekuwa laini kama ya mteja.

"Njoo hapa, mwanangu. Kwani mliuziwa shilingi ngapi?"